Babu Matopeni

Jumanne, 6 Juni 1989

Dari la saluni ya Dolores limevuja tena. Mvua yenyewe ya kunyunyiza tu, lakini tone likamwangukia mke wa daktari wa mifugo utosini, na rola kichwani. Kelele zake! Dolores akasema basi, leo napanda mwenyewe. Akapanda darini na mwili wake ule, mimi chini nimeshika ngazi huku nasali. Akakaa huko muda. Mara nasikia, "Verna! Shoga! Panda uone!"

Nipande wapi na magoti haya?

Akateremsha kreti. Ndani yake vioo. Vipande vya vioo vimepangwa wima kama sahani kabatini, vimefungwa kwa magazeti ya Kicheki. Kabla ya kuwa saluni, nyumba ile ilikuwa studio ya mzee Kaspar, mpiga picha. Mimi sikumjua, alikufa kabla sijazaliwa. Nikainua kioo kimoja dirishani — mtu ana uso mweusi, nywele nyeupe, na meno meusi! Nikashtuka, nusura nikiachie. Dolores akacheka: ndivyo picha zinavyokaa kwenye kioo kabla hazijasafishwa, cheusi cheupe, cheupe cheusi. Kisha nikaona kitu nyuma ya yule mtu. Pampu ya maji! Pampu yetu ya pale uwanjani.

Nilipomwambia Harlan, alisema takataka, tupeni. Mdogo wangu huyu tangu awe mwenyekiti wa sherehe za miaka mia ya Lipova, mji wetu huu wa Wacheki, anaongea kama gavana. Hatujatupa. Dolores amevifunga vioo kwa mataulo ya saluni na kesho anavipeleka Lincoln, mji mkuu wa jimbo, kwenye jumba la makumbusho. Wamekubali kutusafishia picha.

Alhamisi, 22 Juni

Picha zimekuja! Sijapika, sijafua, sijamwagilia nyanya. Siku nzima nimeshinda saluni.

Tumezipanga kwenye meza, kwenye viti, hata juu ya draya za nywele. Lipova nzima ya zamani imo humo. Wanaume wakikata barafu mtoni kwa misumeno. Bibi mmoja amembana bata mzinga mapajani anamnyonyoa, na manyoya yamemjaa hata kwenye nyusi. Motokaa ya kwanza kufika mjini, imekwama, inavutwa na farasi, na farasi mmoja anatazama kamera kama anayesema, mnaona? Bendi ya mji, kila mtu na tarumbeta lake na masharubu yake. Watoto wa shule mbele ya darasa la matofali ya udongo na nyasi, wote pekupeku isipokuwa mwalimu.

Watu wanaingia kama kwenye duka lililopunguza bei. Kila mtu anatafuta pua yake. Za akina Hajny zinaonekana toka mlangoni! Mimi nimempata baba yake Ervin, marehemu mume wangu, akiwa kijana, amembeba nguruwe mdogo kama mtoto anayebatizwa. Kichwa kimeinama upande uleule alioinamia Ervin akicheka. Nikakaa chini kidogo. Sikulia. Nilicheka naye tu, baada ya miaka yote hii.

Ijumaa, 23 Juni

Mungu wangu. Hiyo picha.

Ilikuwa chini kabisa ya bahasha. Dolores akaiona kwanza, akatoa sauti kama birika, akakaa kwenye kiti cha kuoshea nywele, akacheka mpaka machozi yakamchuruzika masikioni. Alininyooshea tu.

Kijito cha Plum. Ng'ambo ya huku wanawake, wamepandisha sketi na kuzichomeka viunoni, wameegemea nyuma, visigino vimezama ardhini. Wameshika kamba. Ng'ambo ile — hakuna mtu. Wanaume wote wako majini! Yaani matopeni. Mmoja anaonekana miguu tu. Na wa mbele kabisa, matope kifuani, kofia bado kichwani, mdomo wazi — babu. Babu Anton Sedlak! Na wa mbele upande wa wanawake ni bibi Rozalie. Mkono mmoja umefungwa kitambaa. Sikuwahi kuiona miguu ya bibi maishani mwangu. Mwaka umeandikwa kwenye kona: 1914.

Sisi tumelelewa na hadithi nyingine. Babu Anton na wanaume wa Lipova waliwavuta kwa kamba Wajerumani wa Neuheim, mji wa jirani, wakawatumbukiza kijitoni. Kila mtoto hapa anaijua. Harlan ameichora ukutani mwa duka lake la chakula cha mifugo, babu ana mikono kama mapaja ya fahali, Wajerumani wanaruka kama vyura. Na mwezi wa nne tu ameipaka rangi upya! Na siku ya sherehe anataka kuweka bamba jipya la shaba kwenye pampu: IMETOLEWA NA ANTON SEDLAK KWA WATU WA LIPOVA.

Sasa nitamwambiaje?

Dolores anasema, "Usimwambie. Mwonyeshe. Na mimi niwepo."

Jumapili, 25 Juni

Sikumwita Dolores.

Nilikula kwa Harlan baada ya misa. Bata, madonge ya unga, kabichi chachu. Bernice, mke wake, anapika vizuri kuliko mimi, na ninaandika hivi kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nikasubiri Harlan alegeze mkanda. Nikaweka picha mezani.

Akaitazama. Akaigeuza, akatazama nyuma, kama vile ukweli umeandikwa huko. Akaigeuza tena.

"Huu ni mchezo wa kuigiza," akasema. "Watu walikuwa wanataniana."

"Matope nayo yanaigiza?"

"Haitundikwi ukumbini siku ya sherehe, dada. Mimi ndiye mwenyekiti."

"Na mimi ndiye dada yako. Nimekubadilisha nepi."

Akanyanyuka, akaenda kuangalia nyasi dirishani. Shingo imekuwa nyekundu. Nilitaka kucheka lakini nikaona mabega yake. Yalikuwa yameshuka. Harlan akiwa mdogo, kila akipigwa shuleni, babu alikuwa anamkalisha mapajani anamwambia ile hadithi ya Wajerumani. Sasa ana miaka hamsini na kitu na mjukuu, na bado hadithi ile ndiyo imemshika wima.

Bernice alikuja kuondoa sahani. Akainama juu ya picha, akaitazama kwa muda mrefu kuliko sisi wote. "Miguu mizuri," akasema, akaenda zake jikoni.

Jumatatu, 26 Juni

Kama kuna mtu anayejua ni Otilie Hajny. Nikaenda kumwona kwenye nyumba ya wazee. Macho hayaoni vizuri lakini ulimi, asante Mungu, mzima. Nikampelekea kolachi za plamu, vile vikeki vyetu vya Kicheki. Akanusa, akasema, "Sukari kidogo. Unabana nini, mwanangu, mimi nakufa kesho?"

Akainua picha karibu na pua — na pua ile haiko mbali! Akacheka. Yule msichana wa mwisho kwenye kamba, mwenye nywele zilizosimama, ni yeye! Alikuwa mtoto wa darasani bado, akajipenyeza.

Na Wajerumani?

"Wajerumani gani? Hao walikuja baadaye, kwenye baa. Bia ikiongezeka, na Wajerumani wanaongezeka."

Kisha akanisimulia. Kisima cha mji kilikuwa kimeharibika, maji yananuka. Wanawake wakawa wanateka kijitoni, wanapanda kile kilima na ndoo huku na huku, kiangazi na baridi. Baraza la mji lilikuwa na fedha za kitu kimoja tu, na wanaume wakapiga kura — jukwaa la bendi! Kura walipiga wao tu, siku zile. Basi kwenye pikiniki ya Mtakatifu Yohana bibi Rozalie akasimama juu ya benchi. Akasema, leteni kamba. Tukishinda sisi, pampu. Mkishinda ninyi, pigeni matarumbeta yenu mpaka masikio yaanguke na sisi hatutasema neno. Wanaume walicheka sana. Wengine walivua koti tu, hata viatu hawakuvua.

"Ndicho unachokiona hapo," Otilie akasema. "Waliingia na viatu."

Tumecheka mpaka nesi akaja kuuliza kuna nini. Nikawa nafunga kikapu changu niondoke. Otilie akanishika mkono.

"Lakini Anton aliachia."

Nikakaa tena.

Anasema yeye alikuwa mkiani, na mkiani ndiko unakosikia kamba inasema nini. Walikuwa wamelingana. Hakuna anayesogea. Mkono wa bibi ulikuwa umechanwa na mpini wa ndoo juma lile, kile kitambaa kikalowa, kamba ikawa na damu. Anton alikuwa uso kwa uso naye. Akaiona ile damu. Na Otilie akasikia kamba imekuwa nyepesi, ghafla, kama ndoo imemwagika.

"Alikuambia kwamba aliachia?"

"Anton? Hakusema mpaka anakufa. Na Rozalie hakumuuliza. Lakini nilimwona, alikuwa anacheka kabla hajafika majini."

Nimerudi nyumbani polepole. Sijui nifurahi au nikasirike. Kwa hiyo bibi alishinda au alipewa?

Jumatano, 5 Julai

Kosa ni langu. Nilimwambia Dolores, na Dolores aliziambia draya. Jana kwenye fataki za tarehe nne, sikukuu ya uhuru, hakuna aliyetazama juu. Mji mzima unabishana. Aliachia! Hakuachia! Mzee Milo Vrana alimwambia mkewe kwamba ni wazi aliachia, maana mwanamke hawezi kumvuta Sedlak. Leo nimemwona Milo anakula mkahawani peke yake.

Dolores hataki hata kusikia. "Aliachia nini! Alizidiwa! Otilie alikuwa mtoto, kamba imemchanganya." Anazungusha rola kwa hasira, maskini mteja.

Na hapo ndipo Harlan akaingia saluni. Harlan, ambaye hajawahi kuvuka kile kizingiti! Anang'aa kama tufaha lililofutwa. Kofia mkononi.

"Dada, nimefikiria. Picha itundikwe."

Nikafurahi. Mapema mno.

"Iwekwe mlangoni mwa ukumbi. Kubwa! Na chini yake tuandike: Anton Sedlak alivyowaachia wanawake wa Lipova."

Draya zikazimwa, moja baada ya nyingine. Wanawake wakaibuka chini yake na vichwa vya rola kama askari waliotoka handakini. Dolores ameinua chanuo. Nikadhani leo mdogo wangu anazikwa.

Lakini aliyesema ni Bernice. Alikuwa kwenye kiti cha mwisho, hata sikumtambua, uso una povu. Bernice ambaye hata kuku anawafukuza kwa kuwaomba samahani.

"Harlan," akasema, "kamba iko ghalani. Nyuma ya mashine ya kukata nyasi."

"Kamba ya nini?"

"Utaona. Siku ya sherehe. Kijitoni."

Mdogo wangu akatazama kulia, akatazama kushoto. Akavaa kofia. "Sawa," akasema, na sauti imepanda juu kidogo. "Msije mkalia tu."

Loo! Saluni ilivyolipuka!

Jumamosi, 8 Julai

Mazoezi nyuma ya kanisa. Padri amekubali, mradi tusitukane.

Tulifunga kamba kwenye pikapu ya Dolores, gia huru, tukavuta. Haikwenda. Tukavuta tena. Haikwenda! Tukalaumiana mpaka Bernice akachungulia ndani: breki ya mkono. Ilipofunguliwa pikapu ilitufuata yenyewe, tukakimbia tukipiga mayowe, mke wa daktari wa mifugo akapandia ukuta wa makaburi.

Wameniweka mbele. Kwa sababu ya bibi. Nimesema nina magoti ya bati, wakasema bibi naye hakuwa na magoti ya farasi.

Harlan alipita na lori lake taratibu, mkono dirishani. "Dada, utavunjika kiuno!"

"Kiuno ni changu! Wewe tafuta suruali ya kubadilisha!"

Padri alijifanya anasoma.

Jumapili, 16 Julai

Picha zimetundikwa ukumbini. Bata mzinga, barafu, bendi, nguruwe na baba mkwe wangu. Ile ya kamba haina maelezo bado, imeegemezwa tu ukutani.

Nilirudi mchana kuchukua nyundo niliyosahau. Harlan alikuwemo. Peke yake, amevuta kiti, amekaa mbele ya picha. Nikataka kurudi nyuma, ubao ukalia.

"Njoo ukae, dada."

Tukakaa. Joto. Nzi mmoja.

"Unadhani aliachia?" akaniuliza.

"Sijui."

"Mimi nimetazama mikono yake. Inaonekana iko wazi. Halafu natazama tena, naona ameanguka tu. Mtu akianguka anafungua mikono."

"Kweli."

Nikadhani tutazungumza juu ya ukuta wake wa duka, juu ya Wajerumani, juu ya lile bamba la shaba. Badala yake akasema, "Nilipoambiwa kwamba Otilie anasema aliachia, nilifurahi. Nikasema, babu hakushindwa. Halafu usiku — sikulala vizuri. Bernice alibeba maji ya ndama miezi yote ya baridi mwaka juzi, bomba lilipoganda. Kila asubuhi. Nilikuwa nakunywa kahawa namwona dirishani." Akapitisha kidole juu ya ule mkono wa bibi, ule wa kitambaa, bila kuugusa. "Mimi nisingeiona hiyo damu, Verna. Ningevuta."

Haniiti Verna. Labda mara mbili maishani.

Nilitaka kumwambia, ungeiona. Ndicho anachosema dada. Lakini sikuwa na hakika, na yeye angejua kwamba sina hakika. Nikamwambia, "Bomba si umelitengeneza?"

"Mwezi wa tano. Lilikuwa limeshayeyuka."

Tukacheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa kofia. Kisha tukaulizana tuandike nini chini ya picha. Yeye hataki "walishinda," mimi sitaki "aliwaachia." Mwisho tumeandika majina tu. Rozalie mbele, na wenzake wote mpaka Otilie. Anton mbele, na wenzake wote, hata yule wa miguu. Basi.

Na lile bamba? Amesema fundi analigonga upya. Hakuniambia litasema nini.

Ijumaa, 21 Julai

Joto la kuyeyusha mishumaa. Kolachi za plamu, za mbegu za mpopi, za jibini. Jikoni kama tanuri. Sukari nimeongeza!

Otilie amepiga simu. Anakuja na gari la nyumba ya wazee. Hataki kiti cha kivulini, anataka mkia wa kamba. Nesi amekataa. Otilie anasema nesi ni mtoto wa juzi, hana kura hapa.

Jumamosi, 22 Julai

Naandika ndani ya gari la Dolores, kijitoni. Nyuma ya karatasi ya ratiba ya sherehe, nitaibandika humu baadaye. Kalamu inateleza. Mikono inawaka.

Kamba imekatika!

Tulianza baada ya bendi. Watu kingo zote mbili, hata Neuheim wamekuja na viti vyao, wanashangilia sisi wanawake, kwa sababu ya ule ukuta wa Harlan. Wanaume safari hii wamevua viatu. Harlan mbele. Mimi mbele. Katikati yetu matope ya kijito yananuka kama mwaka wa 1914. Padri akashusha leso — tukavuta.

Sijawahi kuvuta kitu hivyo. Hata kujifungua. Hatusogei, hawasogei. Nasikia Dolores nyuma yangu ananguruma, Bernice anahesabu, "Na! Na! Na!" — sauti hiyo inatoka wapi? Otilie yuko mkiani, ndiyo, amefungiwa breki ya kiti chake cha magurudumu, kamba imepita mapajani, nesi amemshika mabega na nesi naye anavuta! Mguu wangu ukateleza. Nikarudisha. Nikainua macho.

Harlan alikuwa ananitazama. Si uso. Mikono. Ana uso ambao sijauona tangu tukiwa watoto. Na vidole vyake — sijui. Naapa sijui. Nadhani vilianza kufunguka.

Paaa!

Sisi chali huku, wao chali kule. Miguu juu kingo zote mbili. Na hakuna hata mmoja aliyelowa! Kisha kijito kizima kikacheka, Wajerumani kuliko wote. Ile kamba ya ghalani ilikuwa imeoza. Zimamoto wamekwenda kuleta yao, nene kama mkono. Sasa watu wanakula kolachi zangu na kubishana nani alikuwa anakaribia kushinda. Hakuna anayekwenda nyumbani.

Harlan amevuka. Alipita kwenye ubao wa kuvukia, amekuja mpaka dirishani hapa, matako yote vumbi. Ameweka glavu zake za ngozi kwenye mlango.

"Vaa."

"Nimekuomba?"

"Mikono imechubuka, dada. Vaa."

Nikamtazama. "Harlan. Ulikuwa unaachia?"

"Kamba ilikatika."

"Nakuuliza kabla haijakatika."

Akakuna shingo. Nyekundu tena. Bernice alikuwa amesimama mbele ya gari na maji ya limau, anasikiliza bila kugeuka.

"Usithubutu kuniachia," nikamwambia. "Unasikia? Unitumbukize kama huwezi kutumbukia kihalali."

"Nitakutumbukiza," akasema. "Utaogelea mpaka Kansas." Lakini alikuwa anacheka, na hakuondoka mara moja. Akamgeukia Bernice. "Wewe je? Una glavu?" Bernice akamwonyesha viganja. Akavitazama, kimoja, kingine. Akaenda zake kwenye ubao, akarudi tena, akamchukulia ile bilauri ya limau mkononi apumzike, akavuka nayo, akainywa yeye! Bernice amecheka mpaka amekaa kwenye bampa.

King'ora. Kamba imekuja. Dolores anapiga honi kwa kiwiko, shoga teremka! Kule ng'ambo naona Harlan anajipanga mbele, anachimba visigino, ananitazama. Wanaume nyuma yake wanamsukuma begani, wanamwambia kitu. Anatikisa kichwa.

Glavu ninaziacha hapa kitini.

Hapana. Nimemrushia Bernice moja, na moja naivaa —